AFYA YA MWANAFUNZI HAIJENGWI KWA AMRI

Jumatatu asubuhi, katika shule nyingi za nchi yetu, wanafunzi husimama mstarini na mwalimu wa zamu hupita akikagua kucha, nywele, meno na sare. Ni desturi ya miaka mingi, na nia yake ni njema. Lakini kila mwalimu aliyepata kukagua mstari huo anajua jambo moja ambalo halimo katika taarifa za shule. Mtoto anayemwona mwalimu akikaribia, naye hajakata kucha, huzitafuna kwa meno papo hapo ili asiadhibiwe. Ukaguzi uliowekwa ili uchafu wa kucha usifike mdomoni ndio unaoufikisha mdomoni. Mwalimu ataandika kwamba darasa lote ni safi, na taarifa yake itakuwa ya kweli. Ila watoto hawakujifunza usafi. Walichojifunza ni namna ya kuuvuka mstari wa Jumatatu.

Nauleta mfano huu mdogo kwa sababu unabeba swali kubwa linalowahusu walimu, waganga, maofisa elimu na watendaji wote wanaoshughulika na watoto wetu. Taifa linataka vijana wenye afya. Maradhi ni mmoja wa maadui watatu tuliowatangazia vita tangu Uhuru, pamoja na ujinga na umaskini. Tumejenga zahanati, tumechanja watoto, tumegawa dawa za minyoo na za kichocho mashuleni. Hayo yote ni ya lazima na yafaa yaendelee. Lakini dawa humtoa mtoto minyoo ya leo. Haimpi desturi ya kuizuia ya kesho. Desturi haigawiwi kwa foleni kama kidonge. Je, tutamsaidiaje mwanafunzi ajiwekee mwenyewe lengo la afya yake, alishike, na kulifanya kuwa sehemu ya maisha yake hata pale ambapo hakuna mwalimu wa zamu?

Jibu la swali hili hatuna haja ya kulitafuta mbali. Limeandikwa katika historia yetu wenyewe, na sehemu yake moja imeandikwa katika miteremko ya Milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro.

FUNDISHO LA ULUGURU

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa Uluguru unaporomoshwa na mvua. Iliona kweli. Milima ile ni mikali, mvua zake ni nyingi, na mito inayotoka huko, ukiwamo Ruvu unaowanywesha watu wa Dar es Salaam, ilibeba matope mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 uliletwa mpango wa matumizi ya ardhi ambao ulimtaka kila Mluguru achimbe matuta ya ngazi katika shamba lake. Amri ilitoka juu, wakuu wa jadi wakatumiwa kuisukuma, na asiyechimba alikabiliwa na adhabu.

Wananchi walichimba kwa shida. Kazi ilikuwa nzito, na katika sehemu nyingi jembe liliutupa chini udongo wa juu wenye rutuba, likauacha wazi udongo wa chini usioota kitu. Mkulima alitoa jasho akavuna pungufu. Mwaka 1955 manung'uniko yaligeuka ghasia huko Matombo. Polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ukafa. Matuta yakaachwa, na malalamiko ya Uluguru yaliipa TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, sikio la watu wengi wa milima ile.

Msomaji asije akadhani kwamba Waluguru hawakupenda udongo wao, au kwamba hawakujua maana ya tuta. Nenda Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyohiyo, uone miteremko iliyokatwa ngazi kwa ngazi, imejaa kabichi, karoti, njegere na maharage. Ngazi hizo zilichimbwa na wakulima wenyewe, kwa majembe yao wenyewe, bila ya karani wa kuwaandika majina, kwa sababu kila aliyechimba aliona faida yake sokoni na katika sufuria yake. Mlima ni mmoja, watu ni walewale, na kazi ni ileile. Tofauti ni kwamba huku lengo lilikuwa la mkulima, na kule lengo lilikuwa la bwana aliyesimama nyuma yake.

Hili ndilo fundisho ninalotaka tulipeleke darasani. Jambo jema likiamrishwa bila ya mwenyewe kuliona, kulipima na kulikubali, hudumu kwa muda ule ambao mwamrishaji amesimama pale. Akiondoka, nalo huondoka.

FUNDISHO LA "MTU NI AFYA"

Taifa huru lilijifunza njia nyingine. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya". Wasomaji wenye umri wanaikumbuka. Vijana wameisikia kwa wazee. Kwa majuma kumi na mawili wananchi walikutana katika vikundi vijijini, wakasikiliza Radio Tanzania, wakasoma vijitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi, kisha wakazungumza juu ya malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu na kifua kikuu. Inakadiriwa kwamba watu milioni mbili walishiriki, wakiongozwa na viongozi wa vikundi waliopata mafunzo mafupi kwa ajili ya kazi hiyo.

Ukubwa wa kampeni ile haukuwa siri ya nguvu yake. Nguvu ilikuwa katika utaratibu wa kikundi. Redio ilipozimwa, kikundi hakikutawanyika. Kilijiuliza: "Hapa kwetu hali ikoje? Tutafanya nini juma hili?" Kikundi kimoja kiliamua kuchimba vyoo, kingine kufyeka majani na kufukia madimbwi, kingine kusafisha kisima. Walichoamua wenyewe walikifanya wenyewe, na juma lililofuata waliulizana. Vyoo vingi mno vilichimbwa vijijini kwa njia hiyo.

Mwaka 2024 Serikali iliufufua wito huo kwa kuzindua awamu ya pili ya kampeni ya "Mtu ni Afya". Ni hatua ya kupongezwa. Lakini ikiwa tutalichukua jina la mwaka 1973 na kuuacha utaratibu wake, tutakuwa na mabango, fulana na hotuba, na kucha zitaendelea kutafunwa mstarini. Shule ndiyo mahali pa kuurithi utaratibu ule, maana shule ina kikundi tayari, ina kiongozi tayari, na ina vijana ambao mazoea yao hayajakomaa. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini tukumbuke kwamba samaki akikunjwa kwa nguvu kupita kiasi, hata akiwa mbichi, huvunjika.

LENGO LIWE LA MTOTO

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Mwalimu akisimama mbele ya darasa na kusema, "Kuanzia leo kila mmoja awe na afya njema," atakuwa ametoa nasaha, hajampa mtoto lengo. Lengo ni kitu kinachoweza kufanywa leo na kuonekana kwamba kimefanywa. "Nitakuwa msafi" si lengo. "Kila jioni, nikishaosha vyombo, nitapiga mswaki kabla ya kuingia kulala" ni lengo. Lina tendo, lina saa yake, na limefungwa kwenye kazi ambayo mtoto huifanya kila siku. Akiosha vyombo atakumbuka mswaki. Kazi ya kwanza inamwita ya pili. Wala mswaki huo si lazima ununuliwe dukani. Kijiti cha mswaki walichotumia babu zetu, kikitumiwa vizuri, chafaa.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa darasa la sita huko Kinole, katika miteremko ya mashariki. Anaishi katikati ya migomba, mananasi na mifenesi. Aghalabu matunda hayo hupakiwa alfajiri kwenda soko la Morogoro na Dar es Salaam, na yeye huenda shule bila ya kulionja hata moja. Huyu aweza kujiwekea lengo la kula tunda moja kila siku arudipo shule, nalo ni lengo lisilomgharimu mzazi wake fedha nyingi. Mwenzake wa Mgeta, ambako mbuzi wa maziwa wamefugwa tangu miaka ya 1980 kwa msaada wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, aweza kuzungumza na mama yake juu ya kikombe kimoja cha maziwa kibaki nyumbani. Mwanafunzi wa bondeni, jirani na majaruba ya mpunga, hana haja ya kuambiwa habari za matunda ikiwa adui yake wa kwanza ni kichocho. Lengo lake laweza kuwa hili: "Sitakojoa wala kujisaidia majini au kando ya maji, na sitaoga katika mfereji." Kwa njia hiyo anauvunja mnyororo wa kichocho mahali ambapo dawa pekee haiwezi kuuvunja, kwa kuwa mtoto aliyemeza dawa shuleni asubuhi na kurudi mferejini jioni huambukizwa tena.

Na mwanafunzi wa mjini Morogoro? Yeye hupanda daladala, hununua soda na vitafunwa vya kukaangwa nje ya lango la shule, na jioni hukaa mbele ya runinga au simu. Lengo lake ni jingine. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumie mwili wake kwa dakika 60 kwa siku, kwa wastani, katika michezo au kazi zenye kumtoa jasho. Mtoto wa Matombo anayepanda mlima kwenda shule amekwisha kuzitimiza kabla ya kengele ya kwanza. Wa mjini hana budi kuzitafuta.

Mifano hii inaonyesha kwa nini lengo moja haliwezi kuandikwa wilayani na kusambazwa kwa waraka kwa watoto wote. Katika darasa moja hukaa mtoto mwenye pumu, mwenye selimundu, msichana aliyevunja ungo mwaka huu, na mtoto aliyelala bila chakula. Mtoto mwenye selimundu anashauriwa na mganga wake anywe maji mara kwa mara. Akilifanya hilo kuwa lengo lake, atahitaji kwenda chooni mara nyingi kuliko wenzake. Ikiwa sheria ya darasa ni kwamba hakuna kutoka kabla ya kengele, basi sheria ya darasa imeliua lengo la mganga. Mwalimu anayemjua mtoto wake ataona hilo kwa dakika moja. Waraka hauwezi kuliona hata kwa mwaka.

HABA NA HABA

Jambo la pili ni kiasi. Tabia yetu katika kampeni ni kutaka mambo kumi kwa mpigo. Mtoto huandikiwa apige mswaki, anawe, achemshe maji, ale mboga, afanye mazoezi, alale mapema, na yote yaanze Jumatatu. Kufika Ijumaa ameshindwa matano, amekata tamaa na yaliyobaki. Yafaa aanze na moja. Likishakuwa mazoea, aongeze la pili.

Watafiti wa University College London walichapisha mwaka 2010 matokeo ya kuwafuatilia watu 96 waliojiwekea kila mmoja jambo dogo jipya la kufanya kila siku. Waliona kwamba kwa kawaida ilichukua siku 66 hivi kabla ya tendo kuwa mazoea yasiyohitaji kukumbushwa. Lakini watu walitofautiana sana: wengine kama siku 18, wengine makadirio yalifika siku 254. Matendo mepesi, kama kunywa bilauri ya maji, yalizoeleka upesi kuliko mazoezi ya mwili. Na aliyekosa siku moja hakurudi mwanzo. Aliendelea kesho yake, na mazoea yakajengeka.

Takwimu hizi zina maana kubwa kwa mwalimu. Mwaka wetu wa masomo una siku 194, zimegawanywa katika mihula miwili. Muhula mmoja, basi, watosha kwa wanafunzi wengi kujenga desturi moja njema, na juma la usafi haliwezi kutosha kwa desturi hata moja. Kisha, kwa kuwa watoto watatofautiana, haifai kuwatangaza mstarini waliofaulu na waliochelewa kana kwamba ni mbio za mita mia. Na mtoto aliyekosa siku moja asihesabiwe kuwa ameshindwa. Aulizwe tu, "Kilikuzuia nini?" Mara nyingi jibu lake litatufundisha zaidi kuliko alama yake.

Kuandika maendeleo ni jambo jema, ili mradi mwandishi awe ni mtoto mwenyewe. Ukurasa wa mwisho wa daftari watosha. Achore mistari ya siku za mwezi, aweke alama siku aliyotimiza, aache wazi siku aliyokosa. Asiye na hofu ya fimbo hana sababu ya kudanganya. Lakini siku mwalimu atakapoyakusanya madaftari yale na kuwachapa wenye nafasi wazi, kuanzia kesho yake kurasa zote zitajaa alama, na hakuna mswaki utakaoongezeka hata mmoja.

Katika hili vikundi vya mwaka 1973 vinatufaa. Watoto watano wanaokaa jirani, wanaopita njia moja kwenda nyumbani, waulizane kila Ijumaa kwa robo saa: nani alitimiza, nani alizuiwa na nini, tusaidianeje. Asiwepo kiranja wa kupeleka majina ofisini. Mambo ya mwili yenye siri, kama hedhi au ugonjwa, yabaki kati ya mtoto na mwalimu au muuguzi anayemwamini. Uzito wa mtoto usisomwe kwa sauti mbele ya wenzake. Aibu haijapata kumfanya mtoto kuwa na afya, humfanya ajifiche.

WAJIBU WA SHULE

Hapa najua kwamba baadhi ya wasomaji watauliza: "Unazungumza juu ya malengo ya mtoto, na shule haina maji?" Swali hili ni la haki, na anayelikwepa hana haki ya kumwambia mtoto neno lolote juu ya afya. Kumwekea mtoto lengo la kunawa mikono mahali pasipo na maji ni kumfundisha kwamba maneno ya wakubwa hayana maana. Kumwambia msichana ajitunze wakati wa hedhi, na choo hakina mlango wala maji, ni kumwambia abaki nyumbani siku hizo. Kumhimiza mtoto ale vizuri, naye amekaa darasani tangu asubuhi hadi alasiri bila uji, ni dhihaka.

Kwa hiyo kila lengo la mtoto liwe na lengo la shule lililo sambamba nalo. Watoto wakiamua kunawa, Mwalimu Mkuu na Kamati ya Shule waamue wapi kitakaa chombo cha maji na nani atakijaza. Kibuyu chirizi, yaani dumu lililotobolewa na kuning'inizwa kwa kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu, chaweza kutengenezwa na wanafunzi wenyewe kwa saa moja. Kinachohitajika ni sabuni na zamu isiyovunjika. Faida yake si ndogo: tafiti katika nchi nyingi zimeonyesha kwamba kunawa mikono kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu theluthi moja. Uluguru ni chemchemi ya mito. Ni fedheha kwa milima inayoinywesha Dar es Salaam kuwa na mtoto anayetoka chooni bila kunawa.

Kadhalika chakula. Mwongozo wa Taifa wa mwaka 2020 kuhusu chakula na lishe kwa wanafunzi umewaelekeza wazazi, jamii na shule namna ya kushirikiana. Elimu ya Kujitegemea, tangu mwaka 1967, ilikwisha kutuonyesha kwamba shamba la shule ni sehemu ya masomo. Bustani ya mchicha, matembele na papai kando ya darasa ni somo la sayansi asubuhi na mboga mchana. Lakini mazao hayo yaishie katika sahani za wanafunzi. Mtoto aliyepalilia mboga akaziona zikienda kwingine amefundishwa somo jingine, nalo si la afya.

Wapo pia watakaosema kwamba mtoto hana akili ya kujichagulia; kwamba yeye aamriwe, na akikua ataelewa. Sikatai kwamba nidhamu ni lazima. Yapo mambo ambayo hayangoji hiari: chanjo, usafi wa choo, kutokunywa maji machafu wakati wa kipindupindu. Hayo yasimamiwe. Lakini mwanafunzi tunayemwamuru leo atamaliza shule. Hatakuwa na mwalimu wa zamu atakapokuwa mkulima Mkuyuni, dereva Msamvu au karani Dodoma. Hapo atabaki na kile alichokuwa amekifanya kuwa chake. Elimu isiyomwezesha kujiamulia mambo ya mwili wake mwenyewe itamwezeshaje kujiamulia mambo ya kijiji chake na ya nchi yake?

WAJIBU WETU SISI WATU WAZIMA

Limebaki neno moja, nalo ni zito kulisema kwa sababu linatugusa sisi wenyewe. Utafiti uliofanywa nchini mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64, kiasi cha 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na 9 walikuwa na ugonjwa wa kisukari. Maradhi haya hayaletwi na mbu wala konokono. Kwa sehemu kubwa hukua pamoja na mazoea yetu: chumvi nyingi, sukari nyingi, mafuta mengi, pombe, sigara, na mwili usiofanyishwa kazi. Katika mkoa wenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa tunajua kuitia sukari chai hadi kijiko kisimame. Na wengi wa wanaopimwa wakakutwa na maradhi hayo ni watu wa maofisini: makarani, walimu, wakuu wa idara, na waandishi wa habari pia.

Mtoto hujifunza kwa jicho kabla ya sikio. Ofisa anayekuja shuleni kuhutubia juu ya lishe, kisha akawekewa mezani kreti la soda, ameifuta hotuba yake. Mwalimu anayewaambia watoto wanawe, naye akala andazi kwa mikono yenye chaki, amefundisha andazi na chaki. Wahenga walinena: ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Itakuwa jambo zuri mno mwalimu naye akijiwekea lengo lake moja, akaliandika ukutani pamoja na ya wanafunzi wake, na Ijumaa akasema mbele yao: "Juma hili nilikosa siku mbili, nitajitahidi juma lijalo." Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu akakiita "Tujisahihishe". Jina lile lilianza na "sisi", si na "wao".

Kwa watendaji wa elimu na afya nina ombi mahsusi. Mpango wa namna hii ukianza, kishawishi cha kwanza kitakuwa kudai takwimu: shule ngapi, wanafunzi wangapi wameweka malengo, asilimia ngapi wametimiza. Fomu itachapwa, tarehe ya mwisho itawekwa, na mwalimu mwenye watoto tisini darasani ataijaza usiku kwa taa, kwa kubuni. Tutapata asilimia mia na hatutapata kitu. Badala yake, ofisa anayekagua aulize mambo matatu tu: Je, maji na sabuni vipo leo? Je, watoto wanakula mchana? Je, kuna mtoto anayeweza kunieleza lengo lake kwa maneno yake mwenyewe? Majibu ya maswali hayo hayahitaji fomu. Yanahitaji ofisa ashuke garini, na katika vijiji vya Uluguru apande mlima kwa miguu, jambo ambalo pia litamfaa kwa afya yake.

Wakoloni waliitazama milima ile wakaona udongo unaohitaji kuokolewa, hawakuwaona watu. Sisi tusilirudie kosa hilo kwa watoto wetu, tukaona kucha, meno na asilimia, tusimwone mtoto. Muhula ujao unakaribia kila wakati. Kila mwalimu aweza kuuanza kwa kuwauliza wanafunzi wake swali moja fupi: "Wewe, kwa afya yako, utaanza na lipi?" Kisha anyamaze, asikilize, na aanze kutafuta maji.